Kwandu Mahona Aficha Mpira Mweupe

Kwandu Mahona alikuwa fundi cherehani, na aliingia kwenye mchezo wa pool kwa sababu ya kitambaa kilichochanika.

Ulikuwa mwaka 2000, Simiyu ikiwa bado jina la mto tu, si la mkoa. Wafanyabiashara binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua pamba, na kila msimu malori yao yalituletea Bariadi vitu tusivyovizoea. Mwaka ule yalileta meza ya pool. Luhaga aliiweka kwenye baa yake, jirani na kibaraza alichoshonea Kwandu. Kabla mwezi haujaisha, mteja mmoja aliyezoea fimbo ya kuchungia ng'ombe alikosa mpira akaichoma meza kwa ncha ya fimbo ya kuchezea, na kitambaa cha kijani kikachanika urefu wa kiganja.

"Fundi," Luhaga aliita kutoka mlangoni, "njoo unitazamie nguo hii."

Kwandu alikuja na sindano yake. Kabla ya kushona chochote alipapasa meza nzima kwa kiganja, kwenda na kurudi.

"Nguo hii ina upande," alisema. "Ukipapasa kwenda kule inalala. Ukirudi inakataa. Mpira wa polepole lazima utaona hilo."

"Ilale isilale, wewe ishone. Utataka nini?"

"Asubuhi."

"Asubuhi gani?"

"Kabla hujafungua baa. Saa moja mpaka saa tatu. Meza unaniachia mimi."

Luhaga alicheka mpaka akashika mlango. "Ng'wana Mahona! Mwanamke wa miaka thelathini na sita! Utacheza na nani asubuhi yote hiyo?"

"Hilo si la kwako. Nishone, nisishone?"

Akashona.

Nilikuwa mwalimu mpya wakati huo, nimetoka chuoni na sketi mbili tu, na Kwandu ndiye aliyenishonea nyingine. Siku nilipokwenda kuchukua, alifungua daftari lake la vipimo, nikaona nyuma ya kurasa za viuno na mabega michoro ya mistatili yenye mashimo sita. Mishale ilikwenda ukingoni ikarudi. Nilimuuliza ni nini.

"Makosa yangu," alisema. "Nayaandika ili nisiyarudie. Wale wanaume wa Luhaga hawaandiki. Nimewatazama wiki tatu kutoka hapa. Kila mmoja anakosa pale pale alipokosa jana, halafu anailaumu fimbo."

Mwezi wa kwanza wa mazoezi hakuingiza mpira hata mmoja shimoni. Aliilaza chupa tupu ya soda mezani akawa anapeleka ncha ya fimbo ndani ya mdomo wake na kuirudisha bila kugusa kioo. Mara mia, kisha mara mia nyingine. Luhaga, aliyelala chumba cha nyuma, alisema alikuwa anaamka kwa mlio wa chupa, na siku moja akaamka kwa sababu mlio haukuwepo.

Mwezi wa pili alijifunza mpira mweupe. Ukiupiga chini ya kitovu chake, unarudi nyuma. Ukiupiga juu, unafuata. Ukiupiga kwa nguvu katikati, unasimama palepale ulipomgonga mwenzake. Aliniambia hivyo kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo la aibu. Wanaume wote, alisema, walikuwa wanatazama mpira unaokwenda shimoni. Hakuna aliyetazama mweupe unakwenda kukaa wapi.

Kwa kuwa hakuwa na mwenzake, alicheza pande zote mbili. Zamu ya kwanza alikuwa Kwandu, zamu ya pili alikuwa adui yake. Hapo ndipo alipopata elimu ambayo hakuna mtu Bariadi aliyekuwa nayo. Adui yake alikuwa anamjua mno, hakumpa nafasi. Kila alipoona hana njia ya kuingiza, adui yule hakujaribu bahati. Aliugusa mpira wake taratibu, akauacha mweupe umejificha nyuma ya mwingine, na Kwandu wa kwanza alipokuja kupiga hakuona pa kupita.

"Ananiudhi sana yule mwanamke," aliniambia. Hakutabasamu.

Mwezi wa sita wa mazoezi yake ikaja barua kutoka Maswa. Wachezaji wa kule walikuwa wanawaalika wa Bariadi, watu wanne, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kapteni wa Bariadi alikuwa Januarius, dereva wa lori la pamba, mtu mwenye mkono mzito na shabaha ya kweli. Orodha iliandikwa na Constantine, karani wa kata, ambaye pia ndiye alikuwa refa kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa amesoma karatasi ya sheria iliyokuja na meza.

Kwandu aliingia baa mchana, watu wamejaa.

"Mwadila," alisalimu.

"Mwadila, mayu," walimjibu. "Kitambaa kimechanika tena?"

"Hapana. Constantine, andika jina langu."

Januarius aliinuka kutoka mezani, fimbo mkononi. "Jina la nini? La mpishi? Maswa wametuambia chakula kipo."

"La mchezaji."

Baa nzima ikalipuka. Mmoja akauliza kama atavaa kanga au atafunga kitenge kiunoni akiinama. Kwandu alingoja kicheko kiishe, kama mtu anayengoja mvua.

"Nani hapa amekushinda, Januarius?" akauliza.

"Hayupo."

"Basi nikikushinda wewe, nani ataninyima nafasi?"

Januarius aliwageukia wenzake, akaona wote wanamtazama yeye. "Jumapili, baada ya kanisa," alisema. "Gemu tano. Ukishindwa, hata zile asubuhi zako zinakwisha."

"Na nikishinda, naandikwa."

"Ukishinda."

Sasa lazima nieleze jinsi sisi tunavyotazama mashindano. Kwenye ngoma zetu vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na hakuna mwamuzi zaidi ya watazamaji. Kikundi kinachopendeza, watu wanakihamia. Kinachobaki na watu wachache kimeshindwa, na kila mtu anakwenda nyumbani akijua hivyo. Jumapili ile watu walikuja kwa Luhaga na desturi hiyo hiyo. Wakajipanga upande wa kushoto wa meza kwa Januarius, na wachache, wanawake wa sokoni na mimi, upande wa kulia kwa Kwandu.

Januarius alichukua gemu ya kwanza kwa kishindo. Kwandu akachukua ya pili kimya kimya, na watu kama kumi wakavuka kuja kwetu. Ya tatu Januarius, wakarudi. Ya nne Kwandu, wakaja tena na wengine. Constantine akatangaza mbili kwa mbili.

Gemu ya tano ilifika mahali ambapo Januarius alibakiwa na mpira mmoja, namba kumi na moja, kabla ya ule mweusi wa mwisho. Kwandu alikuwa na miwili. Mweusi ulikuwa umekaa karibu kabisa na shimo la kona. Ilikuwa zamu ya Kwandu, na kulikuwa na mpira wake mmoja ambao mtu jasiri angeweza kujaribu kuuingiza kwa kuupitisha ukingoni.

Aliinama, akatazama, akainuka. Akapaka chaki. Akainama tena na kuugusa kwa mweupe mpira wake mwingine, mguso mdogo kama wa kumwamsha mtoto. Mpira ukasogea, ukagusa ukingo, ukatulia. Mweupe nao ukajikokota kidogo na kujibanza nyuma yake.

Hakuna kilichoingia.

"Ameishiwa!" mtu akapiga kelele. "Mkono umekufa!"

Watu wakavuka, si kumi, wote. Wanawake wa sokoni walivuka. Na mimi nilivuka. Miguu yangu ilikwenda, sikuizuia. Nimefikiria hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Upande wa kulia akabaki Kwandu peke yake na fimbo yake, na hakututazama.

Upande wa kushoto tulianza kuimba jina la Januarius. Yeye alizunguka meza akitafuta njia ya kuifikia namba kumi na moja, na hakuiona, maana mpira wa Kwandu ulikuwa umesimama katikati. Angeweza kugonga ukingo taratibu na kungoja zamu nyingine. Lakini watu zaidi ya sitini walikuwa wamehamia kwake, na mtu aliyehamiwa hivyo hachezi taratibu. Alivuta mkono nyuma akapiga kwa nguvu zote. Mweupe ukagonga ukingo wa kwanza, ukagonga wa pili, ukapita namba kumi na moja kwa unywele, ukaugonga mweusi.

Mweusi ukazama kwenye kona.

Wimbo ulikatika. Constantine alitoa karatasi mfukoni, akasoma kwa sauti ya chini, akasoma tena kwa sauti ya juu. "Anayeingiza mweusi kabla ya kumaliza mipira yake amepoteza gemu. Kwandu ameshinda."

"Hajaingiza kitu!" Januarius alisema. "Ameshindaje mtu ambaye hajaingiza kitu?"

"Nilikufichia mweupe," Kwandu alisema. "Wewe ukautoa vibaya. Constantine, andika."

Constantine akaandika.

"Imeandikwa, sawa," Januarius alisema, jasho likimtiririka. "Lakini lori ni langu. Mwanamke hapandi kwenye lori langu kwenda kunifanya nichekwe Maswa."

"Lori ni lako. Barabara je?"

Jumamosi asubuhi alipanda basi la kwanza. Januarius na wenzake walipoingia ukumbini Maswa saa nane, walimkuta ameketi, ameshapapasa meza ya watu na kujua inalala upande gani. Kapteni wa Maswa alimtazama, akawatazama wageni wake.

"Jamani, Bariadi wanaume wamekwisha?"

Januarius akajifanya anatafuta chaki. Kwandu ndiye aliyejibu.

"Wapo, baba. Niliwashinda. Nani kwenu anaanza?"

Gemu ya kwanza aliipoteza. Akatoa daftari, akachora alipokosea, akapaka chaki fimbo kwa ajili ya gemu ya pili.