Fimbo ya Tramu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika stoo ya vipuri ya karakana moja mjini Embu, Msimamizi wa Stoo alimwaga sinia zima la vyuma mezani. "Taja majina," akaniambia. Nilijua nati tu. "Hapa kitu kisicho na jina ni uchafu, kijana."

Niliapa sitaaibishwa tena. Nikajifunza kupima uzito kwa kiganja, kuhesabu meno ya giya, kupapasa uzi wa skrubu kwa kucha, na kuangalia chuma kimelika upande gani. Nilipohamishiwa Siakago, na baadaye Meru, sifa zilinitangulia: Mwenda hashindwi na kipuri. Nakiri kichwa kilinivimba.

Meru ndiko nilikoambukizwa ugonjwa wa kukusanya vitu vya kale. Mhandisi mmoja alistaafu akaacha boksi la vipande vya tramu ya kuchezea, mfano wa vile vigari vya reli vya mijini vinavyovuta umeme kwenye waya wa juu kwa fimbo ya paani. "Niondolee takataka hizo," Afisa Mkuu akasema. Niliziondoa kwa furaha, zikalala kwangu usiku mmoja, kisha nikazifungia kwenye kabati la stoo. Kila saa ya lanchi mimi na Nyaga, fundi wa magari kutoka Kianjokoma, tulikula githeri huku tukitambua magurudumu, ekseli na brashi, yaani vijipande vya kaboni vinavyopitisha umeme kwenye mota. Raha iliyoje!

Kilikosekana kimoja. Orodha iliyobandikwa ndani ya kifuniko ilisema: fimbo, moja. Mtu wa stoo huamini orodha kuliko mama yake, na funguo za kabati hilo tulikuwa nazo wawili tu, mimi na Nyaga.

"Nyaga, rudisha fimbo."

"Mimi? Nikaifanyie nini, Mwenda? Nichokonoe meno?"

Sikucheka. Kesho yake alibeba githeri yake akaenda kuila gereji, na tulistaafu hivyo, tukisalimiana tu kwa kuinua mkono.

Juzi, nyumbani Kaaga, mke wangu Kagendo alikuwa akipitisha lastiki kwenye sketi ya mjukuu kwa sindano ndefu. Nikaiona ncha yake. Ilikuwa na mfereji, wa kukalia waya wa juu wa tramu.

"Hiyo ulitoa wapi?"

"Si wewe ulinipa, Baba Kinya? Siku ile ulileta ile boksi. Ulisema ni sindano ya cherehani."

Niliona haya mpaka nikaketi. Nilimwita rafiki yangu mwizi kwa sababu nilishindwa kusema sijui.

Asubuhi nilienda Kianjokoma. Nyaga alikuwa akipogoa kahawa. Nilimweleza yote tukiwa bado tumesimama, nikamwomba msamaha.

"Umekuja nayo?"

"Kagendo amekataa. Anasema bado kuna sketi mbili."

Alicheka mpaka akashikilia mti wa kahawa. Kisha kicheko kikaisha.

"Lakini miaka hiyo yote, Mwenda, mimi nilikula lanchi nikiangalia ukuta."

Niliokota makasi ya pili, nikaanza mstari uliofuata, na hakunizuia.