Kinyago cha Kilio Changu

Jamani eeh, sogeeni, mwenye kicheko akiweke tayari! Aibu yangu naimwaga mwenyewe kabla hamjaisikia kwa jirani.

Miaka ile ya ujamaa, sukari kwa foleni, nilipeleka posa ya binti wa mzee mmoja pale Temeke. Akaniambia, "Nitakujibu nikishaujua moyo wako." Haukupita muda, mama yake huyo mzee akafariki. Nikasema, hapa hapa! Moyo ataujua leo. Marehemu sikuwahi kumwona hata kisogo, lakini nililia mpaka kuku wa mtaa mzima wakasahau kutaga.

Sasa msibani alikuwepo mtani wetu, mchonga vinyago. Mtani si mnamjua, msibani anafanya lolote na kununa marufuku. Huyu alikuja na redio kaseti, akakinasa kilio changu chote. Akarudi kwake, akawa anakisikiliza huku anachonga gogo la mpingo. Sauti ikipanda, patasi inazama, ikishuka, analainisha.

Siku ya arobaini, uwanja umejaa, akaleta kitu kimefunikwa kanga. Akabonyeza redio. "Uwiii! Bibi umetuachaaa!" Nilijisikia mwenyewe, nikatamani ardhi inimeze na viatu vyangu. Maana humo kwenye tepu, kila mfuniko wa sufuria ulipofunuliwa jikoni, kwaa, kilio kinakatika. Kimya. Mfuniko ukirudi, "Uwiii!"

Akavuta kanga. Mdomo kama mlango wa stoo ya ushirika. Macho hamna, paji limeteleza mpaka mashavuni. Pua sasa! Ndefu kama mchi, imepinda kuelekea jikoni.

"Mtani, macho umesahau," mama mmoja akasema.

"Sijasahau. Tepu nzima nimesikiliza, machozi humo hamna."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Binti mwenyewe kajifunika uso na ungo. Mpaka leo nikinusa pilau masikio yanawaka moto.

Mzee akanigeukia, hacheki. "Kijana, ulikuja kumlilia mama yangu au kusubiri pilau?"

Nikajikuta natazama jikoni.

Pembeni kwenye mkeka alikaa baba yake mzee, mume wa marehemu, ambaye tangu mazishi alikuwa hajafungua mdomo. Akakitazama kile kinyago, mabega yakaanza kumtikisika.

"Muozeshe!" akaropoka. "Hata mie nililia hivyo hivyo kwa wakwe zangu, bahati yangu tepu zilikuwa hazijaja!"