Kurasa Nilizozishona

Mke wa kaka yangu tulimbandika jina Kiguu na Njia, na si kwa ubaya. Wifi yangu huyu hakaliki. Akinywa chai anatembea, akisimulia jambo anatembea, na akikosa pa kwenda atapanga viti upya ili apate sababu ya kuvizunguka. Hospitali ilimfaa. Alikuwa mhudumu wa wodi, kutwa anasukuma vitanda, anabadilisha mashuka na kupeleka sampuli maabara. Lakini roho yake ilikuwa kwenye uuguzi, na chuo cha uuguzi hakipokei mtu aliyefeli hesabu. Yeye alifeli shuleni, akarudia ukubwani, akafeli tena.

Mwaka ule muuguzi mkuu wake hakumficha. Alimwambia, "Mwanangu, mwaka kesho umri wako utakuwa umevuka. Ni mwaka huu au usahau." Wifi alikuja kunieleza hayo huku akiizunguka cherehani yangu, maana mimi ni fundi, naishi kwao na nashonea hapo hapo sebuleni. Alizunguka mpaka kizunguzungu kikanishika mimi.

Sasa sikieni alivyokuwa akisoma. Alikuwa na kitabu kimoja kinene cha hesabu. Akikifungua anaanza na mada ya kwanza, seti. Anaimaliza vizuri kabisa, anaingia kwenye sehemu na desimali, halafu zamu ya usiku inamwita, au kaka yangu anarudi na lori lake na nyumba inajaa mambo. Siku kadhaa zinapita. Akikirudia kitabu wasiwasi unamvaa: labda nimesahau! Basi anaanza upya na seti. Watu husema mwanzo mgumu. Kwa wifi yangu mwanzo ulikuwa mteremko, kazi ilikuwa kila kilichofuata. Kurasa za mbele zilikuwa zimelegea na kuchafuka kwa vidole. Za nyuma zilikuwa bado zinanukia upya wa dukani.

Nikamuuliza, "Wifi, kwani mtihani wote ni seti?"

"Lazima nijenge msingi."

"Msingi gani huo usioisha? Nyumba ikiwa msingi mtupu utalala wapi?"

Alicheka sana. Kesho yake nikamkuta kwenye seti.

Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua. Alipokwenda kazini nilichukua shazia, ile sindano nene ya magunia, na ule uzi mnene wa kushonea mikoba, nikazishona kurasa zote za mbele pamoja, kitita baada ya kitita, hata wembe ungepata taabu kupenya.

Aliporudi alipiga ukelele majirani wakachungulia. "Umeniharibia kitabu!"

"Sijakiharibu. Nimefunga mlango wa mbele, pitia dirishani."

"Kwani wewe hesabu unazijua?"

"Hata kidogo. Ila mtu anayezunguka pale pale nikimwona namjua."

Alininunia. Chakula alikula amenipa mgongo. Lakini mkasi ulikuwa mezani, na hakuugusa.

Akaanza katikati, kwenye milinganyo, uso umemkunjamana. Kitabu kilikuwa na mifano iliyokwisha kufanywa, naye akawa anaisoma na kutikisa kichwa, eti kaelewa. Nikaweka kipande cha kitambaa juu ya jibu. "Haya, fanya mwenyewe." Kalamu ikaganda. Kumbe kufuata kazi ya mwenzio ni kitu kimoja, na kuifanya yako ni kingine. Tangu hapo kile kitambaa kikawa hakitoki kitabuni. Swali lililomshinda tulilirudia baada ya siku chache bila kuchungulia. Akinieleza na kusema "hapa inajulikana," namjibu, "Mimi sijui, nijulishe." Anasonya, anaanza kunijulisha, na katikati ya maneno anagundua mwenyewe alipopotea. Alizitaja pande za pembetatu akizunguka sebule nzima, nikamwacha, maana miguu haikuwa na kosa.

Siku ya mtihani alirudi akasimama mlangoni, haingii.

"Swali la kwanza lilikuwa seti," akasema.

Nikapiga kigelegele.

"Nyamaza, wifi. Sikulifanya. Niliogopa nikilianza sitatoka pale. Nikaanza na la mwisho, nikaja nikirudi mbele, muda ukaisha sijaligusa."

 Swali alilolijua kuliko yote, na mimi ndiye niliyemfundisha kulikimbia! Wiki zile za kungoja matokeo nilishona suruali yenye mguu mmoja mrefu, nikaiacha pasi juu ya kitambaa cha mteja mpaka kikaungua. Yeye alipiga deki sakafu ambayo haijakauka. Tulipishana ndani ya nyumba hatutazamani. Niliogopa kweli kweli, sijawahi kuogopa vile kwa jambo la mtu mwingine.

Matokeo yalimkuta wodini. Alikuja mbio na sare yake ya kazi, simu kaishika juu. "Nimefaulu!"

"Vizuri?"

"Vizuri wapi! Nimeponea tundu la sindano. Lakini chuo wananichukua!"

Tulikumbatiana, tukalia, tukaangusha kiti. Mara akachukua kile kitabu mezani, akaninyooshea na kusema, "Fumua."

"Ya nini tena? Si mtihani umekwisha?"

"Lile swali, wifi. Linaniwasha tangu siku ile."

Nikafumua uzi mmoja mmoja. Hakungoja nimalize. Alitoa karatasi ya maswali aliyoitunza tangu siku ya mtihani, akavuta kigoda changu, akaketi. Akachora miduara yake miwili iliyopandana, akaandika, akafuta, akaandika tena. Alipopata jibu ndipo akafungua kurasa za mbele, zenye matundu ya shazia, akalinganisha. Akafunga kitabu, akabaki ameketi pale pale, mikono mapajani, mguu hautikisiki.

Ilibidi nimuulize kama anaumwa.