Kinini Kumi na Kimoja katika Pembe ya Kitenge

Siku niliyoanguka uani kule Ntoto walikuwepo hawa: Mama Tereza, aliyenipokea nyumbani kwake kama binti yake, mume wake Papa Anselmi, aliyekuwa anasuka mtego wa samaki mlangoni, Tate Yusta, mama wa Papa Anselmi, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha lakini ndiye aliyesikia meno yangu yakigongana kabla wengine hawajageuka, Masera Lukia, mtawa aliyetufundisha kushona, aliyekuwa amepita kuniuliza kwa nini sikufika shuleni, na munganga Gaspari, aliyeitwa mbio kutoka nyumba ya dawa. Kuku mmoja pia alikuwepo. Huyo hakuiona jioni, maana aligeuka mchuzi wangu. Ninawataja wote kwa sababu angekosekana mmoja tu kati yao, nisingekuwa ninaandika.

Mimi ni Feza. Nilizaliwa katika milima ya juu ya Nyabiondo, kwa watu wa ng'ombe. Baba alitangulia kufa. Mama akafuata, wiki ile ile aliyomzaa mdogo wetu wa mwisho. Nilikuwa mwaka wa tatu wa shule. Niliweka kibao changu juu ya kitanda siku ya mazishi na sikukishika tena. Nyuma yangu walikuwa watatu: Petro, Marta na Zaka mchanga. Kila asubuhi niliteremka Nyabiondo na maziwa, nikapanda na maharagwe na chumvi. Hivyo tuliishi miaka saba, na hakuna aliyelala njaa.

Lakini baba mdogo Ruben hakuridhika. Alikuja akakaa kwenye kiti cha marehemu baba, akasema, "Mutoto mwanamuke hawezi simamisha nyumba. Petro atakuja kwangu, Marta kwa shangazi, huyu kadogo tutapeleka kwa masera."

Nikamwambia, "Baba, unigawe mimi kwanza, ndipo ugawe hao."

Akacheka. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kupanga mambo ya wengine.

Ndipo habari ya kubadilishana ikafika. Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya uhuru. Masera walikuwa na shule ya akina mama kwetu milimani, na nyingine kule Ntoto, katika pori la Walikale. Wakataka wasichana wabadilishane kwa miezi sita. Wa kwetu aende kujifunza kushona kwa mashini, wa kule aje kujifunza maziwa na siagi. Kila mmoja alale katika kitanda cha mwenzake, ale chakula cha mama wa mwenzake. Sheria ilikuwa moja: kichwa kwa kichwa. Mmoja akirudi kwao mbele ya wakati, mwenzake pia anarudi, na wote wawili wanakosa karatasi. Mwenye karatasi angepewa kazi ya kufundisha. Hawakuuliza nani alimaliza shule. Waliuliza nani hachoki.

Baba mdogo akasema, "Ukileta karatasi, nitanyamaza. Ukirudi mbele ya wakati, nitakuja kuchukua watoto, na hata chai sitakunywa."

Kwa hiyo mjue nilibeba nini nilipoteremka. Nilibeba nyumba nzima.

Anjelina, binti wa Papa Anselmi, akapanda kwetu na hofu ya ng'ombe. Mimi nikatembea siku mbili kwenda kwao. Siwezi kueleza furaha yangu. Kwetu mtu akisimama mlangoni anaona milima mpaka macho yachoke. Kule niliona miti tu, na jua lilifika chini vipande vipande. Nilikula samaki wa mto na sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mengi. Nilisikia lugha nisiyoielewa ikinicheka kwa upole. Na ile mashini. Miguu yangu ilizoea kupanda mlima. Sasa ikakanyaga bila kufika popote, na bado blauzi ikatokea. Siku ya kwanza nilishona mfuko ukazibika pande zote nne. Mama Tereza akaugeuza mikononi. "Huu njo mufuko wa kuweka siri," akasema. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kila Jumapili, baada ya sala, Masera Lukia alitupa kinini cha kuzuia malaria, kidonge kimoja kila msichana. Wenzangu wa pori walimeza. Mimi sikumeza. Kwetu juu kuna baridi, mbu ni wachache, na homa ya mabonde tuliisikia kama mtu anavyosikia habari ya bahari. Nikawaza: dawa nzuri hivi, ya masera, nami ni mzima? Zaka anakohoa kila msimu wa mvua. Marta anaumwa tumbo. Basi nilikishika kidonge kati ya mdomo na fizi, uchungu ukanitoa machozi, nikatoka nje nikakitema, nikakianika juani, nikakifunga katika pembe ya kitenge. Ndivyo nilivyokuwa nimefanya miaka saba: nyama ikipatikana, yao, sukari ikipatikana, yao. Mkono wangu haukujua tena kupeleka kitu kizuri mdomoni mwangu.

Nilikuwa na vidonge kumi na kimoja mwili ulipoanza kubadilika.

Kwanza mifupa iliuma, magoti na kiuno. Nikajua sababu, au nilidhani ninajua: mwili wangu unalilia maziwa. Tangu niteremke sikuwa nimeonja hata tone. Kila mtu wa ng'ombe angesema hivyo hivyo. Nikajiambia, vumilia, miezi mitatu imebaki, utakunywa mpaka tumbo lipasuke. Halafu baridi ikaja, baridi katika jua kali. Nilitetemeka, kisha nikachomeka, kisha nikatoa jasho mpaka mkeka ukalowa, kisha nikawa mzima kabisa. Siku moja ikapita vizuri. Ya pili baridi ikarudi. Nilijifunza saa zake. Ikikaribia, nilikwenda mtoni kama mtu anayefua, nikatetemeka huko peke yangu, nikarudi na nguo safi.

Mnaona ujinga wangu. Niliogopa kurudishwa kuliko kufa, na sikujua kwamba aliyekufa pia amerudishwa.

Siku ya tano au ya sita nilitapika maji ya manjano, machungu kuliko kile kinini. Mkojo wangu ukawa kama chai ya rangi. Macho yakawa ya manjano. Wenzangu walisema ni mawese, nami nikakubali. Asubuhi iliyofuata sikuweza kwenda shuleni. Nilitoka uani kushika ufagio. Ufagio nikauona uko mbali, halafu uko karibu sana, halafu uko juu yangu.

Tate Yusta akasema kutoka kitini, "Nani anatafuna mawe?"

Yalikuwa meno yangu.

Mengine nilisimuliwa. Nilijikunja na kujinyoosha kama samaki aliyetupwa mchangani. Nilijikojolea. Mama Tereza alikaa chini akaweka kichwa changu kwenye mapaja yake, na alipokuwa anafungua kitenge changu ili nipate hewa, mkono wake ukagusa fundo. Akalifungua. Vidonge vikamwagikia udongoni, kumi na kimoja, vya rangi ya mate.

Masera Lukia akaviokota kimoja kimoja, akavihesabu, naye alijua hesabu ya Jumapili zangu.

Munganga Gaspari akafunua jicho langu. "Malaria imepanda mu kichwa," akasema. "Niko na sindano mbili tu. Inabaki kidogo huyu mutoto aende."

Alinichoma ya kwanza. Nilipoamka, maneno ya kwanza niliyosema ni, "Musinirudishe."

Mama Tereza akauliza, "Vile vidonge ulikuwa unawekea nani?"

"Wadogo zangu."

Akageuza uso. Halafu akasema kwa ukali, "Na wewe uko mukubwa wa nani, kama unakufa?"

Swali hilo liliniingia kuliko sindano.

Gaspari alichoma ya pili asubuhi, akasema dawa yake imekwisha na damu yangu pia inakwisha, lazima nifike hospitali ya Masisi. Masera Lukia akashika kichwa. Kunipeleka Masisi, upande wa milima yetu, ni kunirudisha kwetu, na sheria ilijulikana. Papa Anselmi akaweka chini mtego wake.

"Masera, hajarudi kwao. Iko mu njia. Hospitali haiko nyumba ya baba yake."

"Lakini Papa Anselmi—"

"Mutoto wangu iko kwao. Huyu njo wangu. Mimi njo napeleka wangu kwa munganga. Andika hivyo."

Masera akaandika hivyo. Mpaka leo namshukuru kwa ile barua fupi.

Walikata miti miwili, wakafunga kamba na mkeka, wakanilaza. Hicho ndicho kipoyi. Sasa nieleze desturi ya njia ile, maana bila hiyo ningekufa porini. Mgonjwa wa kipoyi habebwi na watu wa kwao peke yao. Wanambeba hadi mpaka wa kijiji chao. Hapo wanapiga kelele, na wanaume wa kijiji kinachofuata wanaacha jembe, wanaacha chakula, wanaweka bega. Hawaulizi jina lako kwanza wala kabila lako. Lakini ukipona, deni ni lako na la nyumba yako: mgonjwa wao akipita kwenu, mnaweka bega kabla ya kuuliza.

Vijiji vitano vilinibeba mpaka Kashebere. Papa Anselmi hakukubali kuachwa nyuma hata mara moja. Masikio yangu yalilia kama nyuki kwa sababu ya kinini, nikaona majani yakipita juu yangu, nikasikia wanaume wakibishana.

"Huyu ni muzito kwa mwanamuke mwenye kukonda."

"Ni maziwa hayo. Watu wa mulima mifupa yao iko maziwa."

"Basi tumwage kidogo."

Nilitaka kucheka, nikatapika. Wakasimama, wakanigeuza ubavu, wakanifuta kwa majani, wakaendelea. Kuvuka mto, maji yaliwafika kifuani, nao walininyanyua juu ya vichwa vyao. Hao walikuwa kijiji cha tano. Nguo zao zililowa, zangu zikabaki kavu.

Kashebere tulipata lori la ndizi. Hospitalini walinitundikia maji ya chumvi mshipani, wakanichoma kinini tena na tena mpaka paja likawa gumu kama ubao. Midomo ilijaa vidonda. Nywele zilitoka kwa viganja. Siku ya nne homa haikurudi. Nilingoja saa yake, nikahesabu pumzi, haikuja. Siku ya sita pia haikuja. Niliomba chakula. Daktari akauliza, "Unataka nini?" Nikasema maziwa, na aliyekuwa kitanda cha jirani akasema, "Amepona huyu, amerudia utu wake." Nililia kwa furaha nikiwa na bilauri mkononi.

Kumbe huko nyumbani baba mdogo alikuwa amesikia, akaenda kuchukua watoto. Alimkuta Anjelina mlangoni, na ndoo ya maziwa mkononi, yeye aliyekuwa anakimbia ndama.

"Feza amerudi Masisi," akasema baba mdogo. "Sheria imevunjika. Watoto, mufunge vitu."

"Papa, mimi niko hapa," Anjelina akamjibu. "Kama mimi niko hapa, yeye bado iko kwetu. Kichwa kwa kichwa. Na watoto hawa nimewapikia, kaa chini ule nao."

Wanasema akakaa. Akaomba chai.

Watoto walipoletwa kuniona, Zaka alisimama mbali na kitanda. "Dada, wewe njo wewe?" Nikamwambia aguse. Akagusa kichwa changu chenye upara, akacheka, na Petro na Marta wakanirukia wote wawili.

Nilirudi Ntoto kwa miguu yangu, nikikaa chini kila kilima. Nilimaliza miezi yangu, na kinini nilimeza mbele ya Masera Lukia, mdomo wazi, ulimi juu. Nilipata karatasi. Anjelina pia alipata yake. Nilifundisha kushona Nyabiondo, na wadogo zangu walikulia chini ya paa moja.

Wewe unayesoma ukiwa mgonjwa ugenini, au uliye mkubwa wa nyumba isiyo na baba wala mama, sikiliza. Dawa uliyopewa ni yako, imeze. Usiende kutetemekea mtoni. Sema, "Ninaumwa," hata kama neno hilo linaweza kukupotezea kitu. Ninamshukuru Mungu, na wale watano wa uani, na kuku.

Na ile njia. Mgonjwa wa kwanza aliyepandishwa kwetu kutoka vijiji vile, Petro alikuwa bado mdogo, nikatoka mimi. Mbebaji mmoja akasema, "Mwanamuke hashiki muti wa kipoyi."

Nikamjibu, "Basi shusha wewe, upumuzike. Mimi nitashika."

Nilishika mpaka bega likachubuka. Baadaye Petro akawa na mabega, na baada yake Zaka. Mgonjwa mmoja baada ya mwingine, tumeweka bega kwa watu wa vijiji vinne. Kimekosekana kimoja, kile cha tano, cha wale walioninyanyua juu ya maji. Watu wake ni wazima. Wanapita mbele ya mlango wangu siku ya soko na ndizi zao, na mzee mmoja wao husimama kila mara akaangalia ile miti miwili ya kipoyi niliyoiweka ukutani.

"Mama Feza," huniambia, "deni yako inaoza."

"Iache ioze, Papa," humjibu, nikampa maziwa, akanywa akaendelea na njia yake.