Fundi Viatu na Bipu ya Mchana

Kaka yangu ni mwoga. Nasema hivyo nikiwa nampenda, na nilishamwambia usoni, tena mbele ya wateja. Ni mwanaume anayebana misumari kwa meno, akapiga nyundo huku anabishana siasa, lakini ukimtajia bunduki anaomba maji ya kunywa. Sasa Mungu naye ana utani wake. Alimpa mtoto mmoja tu, na huyo mtoto akaenda kuwa polisi.

Tunafanya kazi kwenye baraza moja, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Yeye ana meza yake ya kushonea viatu, mimi nina jiko na birika la chai. Wateja wake wakisubiri gundi ikauke wanakunywa kwangu, kwa hiyo tunagawana watu na tunagawana makelele. Mkewe alifariki binti yao akiwa bado anaota meno ya pili. Nikahamia kwake nimsaidie kulea, nikasema nakaa kidogo tu, na kidogo hicho ndicho hiki mpaka leo. Binti ana jina la mama yetu mzazi. Kaka anamwita mama, mimi namwita mama, na yeye hutuamrisha kama marehemu mama alivyokuwa akituamrisha.

Siku aliyotuletea habari kwamba amechaguliwa chuo cha polisi, kaka alikuwa anatoboa mkanda. Alitoboa tundu la kwanza, la pili, akaendelea tu mpaka mkanda ukawa kama chujio. Nikamwambia, kaka, huo mkanda una mwenyewe. Akasema, "Huyu mtoto anaogopa mende." Na kweli alikuwa anaogopa mende, akimwona anapanda juu ya kitanda. Lakini kwenye usaili hakuna aliyemuuliza habari za mende.

Akahitimu, akapangiwa kituo cha hapahapa mjini, tukashukuru. Mwanzoni alikaa kaunta, anaandika walioibiwa kuku na waliopigana kwa ajili ya mpaka wa kiwanja, na kaka akapumua. Alipopata ukoplo mtaa ukaanza kumwita kaka Baba Koplo. Akajidai kidogo, simnyimi haki yake. Halafu wakamhamishia binti kwenye kikosi kinachofuata majambazi wenye silaha, na hapo ndipo kaka yangu alipoharibika. Gari la polisi likipita kwa king'ora anasimama na kiatu cha mtu mkononi, mpaka sauti ipotee kabisa. Siku moja alishona soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia. Mwenye kiatu akauliza, fundi, mimi nitatembea kuelekea wapi? Watu wakacheka, kaka hakucheka.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sawa, lakini huu wa kaka ulikuwa umepita kiasi. Binti akaona baba atauawa na presha kabla jambazi yeyote hajamgusa mtu. Wakaweka utaratibu wao. Mchana, watu wanapotoka kwenda kula, kaka anampigia. Simu ikilia mara moja anakata. Binti akiiona bipu ya baba, naye anabipu. Hakuna maneno wala vocha inayoliwa. Bipu ikirudi maana yake ni kwamba nipo, nimesimama kwa miguu yangu, kunywa chai yako. Kaka akiipata huibusu ile simu, ndiyo, huibusu, na gundi zake zote, halafu ananiambia, mimina, dada. Ukiona kikombe chake kimejaa na kimepoa, ujue bipu haijarudi.

Nilikuwa namcheka sana.

Kazi ni siku isiporudi. Kuna siku simu ya binti iliisha chaji. Kaka alibipu, akabipu, akatupa nyundo chini, akaondoka na aproni yake ya ngozi mwilini hadi kituoni. Alisimama kaunta akasema haondoki mpaka amwone mwanawe kwa macho yake mawili. Mkuu wa kituo akamwita binti mbele ya askari wote, akamwambia, koplo, baba yako amekuja kukuchukua, shule imefungwa? Kituo kizima kikaangua kicheko. Wiki nzima walimwita Chekechea. Binti alirudi nyumbani amevimba, akasema neno moja tu, kwamba simu yake haitazimwa tena maishani mwake, mradi baba asikanyage pale. Kaka akakubali haraka. Na mimi niliyekuwepo nikaona ni makubaliano mazuri.

Katika kikosi hicho binti alikuwa na mwenzake, konstebo mmoja tuliyemwita Mrefu. Mlango wetu ulimpiga paji la uso mara ya kwanza alipokuja, na mara ya pili, hadi akajifunza kuinama. Alikuwa kijana wa heshima. Alinisalimia shikamoo shangazi hata akinikuta nimekaa kwenye ndoo ninaosha vikombe, na hakuwahi kuondoka bila kuuliza kama nina mzigo wa kubebewa. Kaka alimwekea soli za mpira laini kwenye buti zake bure, zilezile alizomwekea binti, ili wakikimbia wasisikike.

Sasa siku yenyewe. Chai ya kaka ilipoa. Nikaimwaga jaani nikamimina nyingine, nayo ikapoa. Alibipu amekaa, akabipu amesimama, akabipu amezunguka nyuma ya duka ambako eti mtandao ni mzuri zaidi. Nilimwambia, kaka, tulia, mtoto yuko kazini, akanijibu kwamba mimi sina mtoto ndiyo maana nina utulivu. Iliniuma. Nikageukia vikombe vyangu nikaviosha upya. Jioni binti akaingia mwenyewe, mzima, shati limelowa damu isiyo yake. Kaka alimshika uso, mabega, mikono, kama anayekagua kiatu kilichorudishwa, kisha akakaa chini sakafuni akalia kwa furaha. Hakuuliza damu ni ya nani. Niliuliza mimi, nikaambiwa ni ya Mrefu. Risasi ilikuwa imemwingia kiunoni.

Yaliyobaki aliniambia baadaye, uani, tukifua. Alikuwa anakamua shuka, akaacha kukamua, maji yakimtiririkia miguuni.

Walikuwa wamejificha ndani ya ghala la saruji. Majambazi walizoea kuja mchana, vibarua wakienda kula. Amri ilikuwa kila mtu azime simu. Wote walizima. Yeye aliiondolea mlio tu akaiacha itetemeke, kwa sababu alijua saa hizo baba atabipu, na akiikuta imezimwa atakuja kituoni na aproni yake. Alikuwa amechuchumaa ameegemea shelfu ya chuma, Mrefu pembeni yake. Wale watu wakaingia. Simu ikatetemeka mara moja mfukoni, ikagonga chuma, ikanguruma kama nyuki ndani ya debe. Akaiminya kwa kiganja. Ikatulia. Ikaanza tena. Jambazi mmoja akageuka akafyatua risasi kule kule sauti ilikotoka. Risasi ikampata Mrefu.

Wakubwa walipouliza ni nini kilichowafichua, Mrefu akajibu akiwa kwenye machela kwamba alikohoa, saruji ilimwingia kooni. Hakujua ni nani aliyekuwa anapiga. Alijua tu simu ni ya nani, akaamua kubeba lawama. Bila hivyo binti angevuliwa sare siku hiyohiyo, au angefungwa.

"Shangazi," akaniambia, "baba asijue. Atakufa."

Nikamwambia sitasema. Na ningesema nini? Nimwambie kaka yangu kwamba kidole chake ndicho kilichomwangusha mtoto wa watu? Nimwambie aache kubipu? Angeuliza kwa nini, na mimi uso wangu haujui kudanganya, kila kitu kinaandikwa pale. Basi kaka akaendelea. Kila mchana anabipu, na binti, popote alipo, anaona jina la baba, naye anabipu. Simu inabusiwa. Mimina, dada. Nikawa namimina, macho yangu kwenye birika.

Kaka hakuwa na hili wala lile, ila alitaka kwenda kumwona Mrefu. Nikasema madaktari hawataki wageni. Akangoja. Nikasema amehamishwa wodi, tusubiri tujue wodi gani. Akangoja. Binti akasema Mrefu hapendi kuonwa akiwa vile. Kaka akavua aproni akaikunja, akasema kijana amepigwa risasi akiwa ubavuni mwa mwanangu, risasi hiyo ingeweza kuwa ya mwanangu, mnataka niwe mtu wa namna gani? Akanunua machungwa. Tukamfuata, binti na mimi, kama watu wanaomfuata ng'ombe aliyekata kamba.

Wodi ya wanaume ilijaa. Mrefu alilazwa karibu na dirisha, kitanda hakikumtosha, wakaunganisha stuli mwishoni ishikilie miguu yake. Miguu ile ilikuwa imetulia mno. Madaktari walikuwa bado hawajasema kama itaamka. Mama yake alikuwa amekaa kando, mwanamke mfupi hata nikajiuliza huyu mtoto urefu aliutoa wapi. Alitoka mbali, hana mwenyeji mjini, analala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mwanawe na manesi wanajifanya hawaoni.

Kaka alimpa pole, akamenya chungwa, akamlisha Mrefu kipande kimoja kimoja kwa mkono wake. Nikaanza kufikiri labda itapita salama. Binti alisimama mwisho wa kitanda, karibu na stuli, hakai.

Yule mama akaanza kulia taratibu. Kinachomuuma, alisema, ni kwamba mwanawe alipigwa risasi na yeye hakuhisi chochote. Siku hiyo alikuwa shambani anapalilia, na alikuwa anaimba. Habari alikuja kuletewa na majirani. Mama gani huyo, alisema, ambaye mwanawe anaanguka na yeye anaimba?

Kaka yangu ana moyo laini, ndiyo shida yake yote. Alishindwa kuvumilia. Akafuta mikono kwenye suruali, akatoa simu yake.

"Dada yangu, usijilaumu. Ngoja nikufundishe kitu."

Nikamkanyaga mguu. Akaniangalia, akauliza mbona namkanyaga. Nikasema twende, mgonjwa apumzike. Akasema bado, neno moja tu. Nikamwangalia binti, binti akaniangalia, na katika wodi nzima hakuna kitu ambacho sisi wawili tungeweza kufanya isipokuwa kumziba mdomo mzee wa watu kwa nguvu. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikumziba.

Akamweleza yote: unapiga mara moja unakata, naye anakujibu vivyo hivyo, kila mchana, huna gharama na moyo wako unakaa mahali pake. Mama yule alikuwa amejifuta machozi, anamsikiliza kama mtu anayeelekezwa dawa.

"Hata siku ile yenyewe," kaka akasema, "mimi nilijua. Nilibipu, kimya. Nikabipu tena, kimya. Nilibipu mpaka kidole kikafa ganzi. Damu iliniambia, dada yangu."

Mrefu alikuwa anatazama dari. Akageuza shingo polepole, akamwangalia binti yetu, akakaa anamwangalia, halafu akamwangalia kaka.

"Ilikuwa mchana, mzee?"

"Mchana, mwanangu. Watu wanatoka kwenda kula."

"Niliisikia," Mrefu akasema. "Tumejificha, inanguruma pembeni yangu."

Hakusema kwa hasira. Ningeshukuru kama angekuwa na hasira, angalau ningepata wa kugombana naye. Alisema tu, kisha akageuza uso dirishani.

Kaka alitabasamu kwanza, maana alidhani ni habari njema, kwamba kijana alisikia salamu za mzazi. Kisha akawa anafikiri. Niliona anavyofikiri, nikaomba Mungu afikiri polepole zaidi. Akamgeukia binti akamwita, "Mama?" Binti alikuwa anatazama sakafu, machozi yanadondokea kwenye buti zake. Akanigeukia mimi. Nikainama kuokota maganda ya chungwa sakafuni.

Mama yake Mrefu hakuelewa lolote. Alikuwa amefungua fundo la khanga akatoa kisimu chake cha vibonye, akakifuta kwa upindo, akamwekea kaka kiganjani.

"Nionyeshe tena, kaka yangu, pole pole. Nabonyeza wapi? Akipona akarudi kazini, nami nitakuwa namfanyia hivyohivyo kila siku."

Kaka aliipokea ile simu kwa mikono miwili. Alikaa nayo hivyo, na yule mama akazidi kusogeza uso karibu ili aone vizuri.