Miezi Miwili ya Kumshuku Usumani

Mimi si mtu wa kuamini haraka, na nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana malaika. Mwanangu Keza akiniambia amenawa mikono, namnusa vidole. Muuza viazi akiniapia kwamba vimetoka Musanze jana, nakata kimoja pale pale mbele yake. Kwa tabia hiyo bosi wetu, Sangwa, alinikabidhi funguo za stoo ya chakula cha farasi, na kwa tabia hiyo hiyo nusura nimharibie mtu maisha.

Mtu mwenyewe ni Usumani, mtunza farasi. Ukifika kwenye banda letu huku Busanza utamwona yeye kabla ya farasi wote sita: mrefu, mwembamba, kofia ya kufuma kichwani, mabuti ya mpira yanayong'aa kuliko viatu vyangu vya kanisani. Babu yake alitoka Tabora na majora ya vitambaa, akaoa kwenye mtaa wa Biryogo, na tangu hapo ukoo mzima ukashika cherehani. Usumani naye alikuwa fundi nguo. Miaka tisa iliyopita Sangwa alimwita aje ashone turubai la banda, kazi ya siku tatu. Siku ya tatu akaletwa farasi jike mwekundu, mwoga, ambaye wanaume wanne walishindwa kumteremsha kwenye lori. Usumani akaweka sindano chini, akapanda, akakaa naye mle ndani akimsemesha Kiswahili cha kwao mpaka farasi akashuka mwenyewe. Tukamwita Gaju, jina la ng'ombe mwekundu, maana hakuna kati yetu aliyejua farasi huitwaje. Turubai likamaliziwa wiki iliyofuata, na fundi hakuondoka tena.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokuwa zinaisha, Gaju akaanza kukonda. Kwanza nikaona mifupa ya nyonga, halafu mbavu. Farasi watano wananenepa, mmoja anakwisha. Na chakula kinatoka stoo kwangu, kwa ndoo ile ile, nimeichora mstari wa rangi kwa ndani. Pumba nampa Usumani mimi mwenyewe, mkononi. Kati ya mkono wa Usumani na mdomo wa Gaju kuna hatua ishirini tu. Sasa niambie, ungemshuku nani?

Nikaanza kumchunguza. Nikagundua kwamba kila jioni anatoka na mfuko wa kitambaa uliotuna. Nikagundua pia kwamba anafika saa kumi na moja alfajiri, kabla ya mtu yeyote, na mimi nikifika saa kumi na mbili sakafu imefagiwa hadi inateleza. Mtu anayefagia hivyo, nilijiambia, ana kitu anakifuta.

Siku moja alinifuata mlangoni mwa stoo.

"Mama Keza, Gaju iko nakula, lakini iko natema. Mimi naona iko na shida mu mdomo."

"Farasi anatema? Kama mlevi? Haya, nionyeshe alichotema."

"Nimeshafagia, mama. Si wewe ulisema saa kumi na mbili sakafu iwe safi?"

Nilicheka kwa pua. Jibu liko tayari, ushahidi hakuna. Nikamwambia siku akiwa na cha kunionyesha aniite, nikafunga stoo kwa kufuli mbili. Hakuniita. Baadaye nilijua ni kwa nini: nilikuwa nimewahi kumkaripia mbele ya wageni kwa sababu ya kijiti kimoja cha nyasi, na yeye si mtu wa kukaripiwa mara mbili; kila kilichoanguka alikizoa papo hapo.

Sangwa alipokuja na kumwona Gaju, alishika kichwa. Yeye alikulia Uganda na huchanganya lugha akikasirika.

"Mukasine, hii farasi inakufa na njaa mu macho yetu. Chakula inaenda wapi?"

"Stoo inatoka yote, bosi," nikasema. "Baada ya hapo muulize anayeipokea."

Sentensi moja tu. Lakini niliitupa nikijua itaangukia wapi.

Hata hivyo nilitaka uhakika. Jumatano ambayo ni siku yangu ya mapumziko, Usumani akiwa kazini, nilishuka Nyabugogo, nikanunua kilo mbili za sukari, nikapanda mlima wa Gatsata hadi kwake. Nilikuwa nimeshakata shauri kwamba nitakuta sungura. Watu wengi pale wanafuga sungura, na sungura wanapenda pumba. Mke wake, Leila, alinipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia napita tu, nimeona nisalimie nyumbani kwa mwenzangu wa kazi. Machozi yalimlengalenga, wallahi.

"Karibu, dada, karibu sana rwose! Miaka tisa mume wangu iko nafanya kazi huko, na hakuna hata mtu mmoja ya kazini alishafika hapa kwetu. Wewe ndiyo wa kwanza."

Akanipikia chai ya maziwa na tangawizi, akatuma jirani alete mandazi. Mimi nikaomba kwenda msalani ili nione uani. Hakukuwa na sungura, wala kuku. Nikaomba tena baada ya kikombe cha pili, nikazungukia upande wa pili wa nyumba. Nilichokuta ni cherehani chini ya kibaraza, na kando yake ule mfuko wa kitambaa umejaa mikanda ya farasi iliyokatika. Alikuwa anaishona jioni, bila kuagizwa, bila kumwambia mtu.

Mtu mwingine angeona haya akaondoka. Mimi nilishuka ule mlima nikijiambia: sawa, hafugi, basi anauza.

Wiki ile ile Sangwa alinipigia simu. Alikuwa ameshaamua. Jumatatu baada ya umuganda, zile kazi za pamoja za mtaa, Usumani angeambiwa aondoke. Hakutaka kelele wala polisi, aondoke tu. Nikasema, "Sawa, bosi." Usiku nililala vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi nikilikumbuka.

Ikafika Jumamosi ya umuganda. Asubuhi kila mtu yuko kwenye mtaa wake na jembe, magari hayatembei, na banda halifunguliwi kabla ya mchana. Siku hiyo mlinzi wa usiku ndiye huwapa farasi nyasi kukipambazuka, na ufagio haugusi. Mimi nilizibua mitaro mtaani kwangu Kagarama, na saa tano kazi ilipokwisha nikachukua pikipiki moja kwa moja hadi Busanza. Nilijua Usumani atakaa kwenye mkutano wa mtaa wake, kisha avuke jiji zima. Nilikuwa na saa mbili za kupekua kila pembe bila yeye.

Sikukuta pumba iliyofichwa. Basi nikafikiri: leo nitamlisha Gaju kwa mkono wangu, nikae nimwangalie, na akishiba nitakuwa na neno la mwisho la kumwambia bosi. Nikajaza ndoo hadi kwenye mstari. Nikamwaga kwenye hori. Nikageuza ndoo nyingine, nikaikalia.

Gaju alikuja mbio, kwa njaa, masikini. Akaingiza mdomo, akatafuna mara tatu, halafu akainamisha kichwa upande mmoja kama mtu mwenye maji sikioni. Pumba ikaanza kumtoka pembeni mwa mdomo, yote, ikichanganyika na ute. Nikamwongezea nyasi. Akatafuna kwa shida, akasimama, akaachia tonge la nyasi lililolowa likaanguka chini, pu! Halafu lingine. Nikatazama vizuri chini ya hori, na hapo ndipo nikaona yale ya asubuhi: matonge kumi na tano, labda ishirini, mazito, yamesokotwa, kila moja ukubwa wa ngumi ya mtoto.

Sitadanganya. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba Usumani amemfundisha kutema. La pili, kwamba amepaka kitu kwenye nyasi. Nikaziokota, nikazinusa, zilinuka nyasi tu. Kisha Gaju akanipumulia usoni, na harufu ile ilikuwa ya kitu kilichooza. Nikakaa tena juu ya ndoo. Hakuna mkono uliogusa chakula kile isipokuwa wangu. Kila alfajiri kwa miezi miwili mtu yule alikuwa akifagia ushahidi wake mwenyewe na kuutupa kwenye lundo la samadi, na aliyemwamuru afagie ni mimi.

Nikampigia Sangwa. Nikamwambia asimfukuze mtu, alete daktari.

Daktari Phiona alikuja Jumatatu asubuhi, ile ile iliyokuwa imepangwa kwa mambo mengine. Alijifunzia udaktari wa farasi Kampala. Nilimshuku hata yeye. Nilisimama karibu asije akang'oa jino lisilo na ubovu. Akamchoma Gaju sindano ya usingizi mwepesi, kichwa kikalegea begani kwa Usumani. Akamvalisha chombo cha chuma cha kutanulia taya, akawasha taa ya kwenye paji la uso, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko.

"Hii hapa," akasema. "Jino ya juu, huku nyuma, imepasuka katikati. Kipande moja imeingia mu shavu. Kila akitafuna, inamukata. Mutu gani atakula hivyo?"

Akaniita niangalie. Shavuni kulikuwa na kidonda, kimejaa mabaki ya chakula yaliyochacha. Phiona akaosha, akachukua koleo refu, akakibana kile kipande na kukitikisa taratibu, na Usumani muda wote alikuwa akinong'ona, "Pole, mama. Pole, mama. Inaisha sasa." Kipande kikatoka. Kilikuwa kirefu kama kidole changu cha mwisho, upande mmoja mkali kama chupa iliyovunjika. Akapiga tupa kwenye meno mengine yaliyokuwa na ncha, vumbi jeupe likaruka.

"Amekaa nayo muda gani?" Sangwa akauliza.

"Miezi mbili, ama zaidi. Mupatie pumba ya kulowesha na maji, nyasi kavu hapana. Nitarudi kuangalia mzizi. Kama imeoza tutaitoa yote. Na nyinyi, hakuna mutu aliona iko natema?"

Usumani aliendelea kumfuta Gaju mate kwa kitambaa. Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Yeye aliona. Aliniambia. Sikumwamini." Sangwa alinitazama, kisha akatazama mabuti yake mwenyewe.

Mchana Gaju alikula ndoo nzima ya pumba iliyoloweshwa na sakafu ikabaki kavu. Nikamfuata Usumani bombani alipokuwa anaosha ndoo.

"Usumani, mimi ndiye niliyemfanya bosi akushuku. Nilidhani unaiba. Leo ulikuwa ufukuzwe. Nisamehe."

"Najua, Mama Keza." Aliendelea kusugua. "Nilijua tangu ile siku ulifika kwangu. Leila alisema ulienda msalani mara mbili, na mara ya pili ulipita upande ambao hakuna msala."

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Nikamuuliza kama alimwambia mke wake nilichokuwa natafuta.

"Oya, hapana. Ningemwambia nini? Yeye iko nakusifu mpaka leo. Ile sukari hataki tuiguse, ameiweka juu ya kabati, anasema ni ya chai yako." Akafunga bomba, akaning'iniza ndoo, akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Kila jioni ananiuliza, rafiki yangu wa kazini kwenu atarudi lini? Sasa leo nikifika, nimwambie lini?"