Ubeti wa Tatu wa Mwalimu Mkuu

Enzi zetu pale Dandora, ushairi ulihesabiwa kwa vidole. Tuligonga madawati silabi kwa silabi, mizani nane upande huu, nane upande ule, hadi darasa likasikika kama mvua inayoanza kunyesha kwenye mabati. Vijana wa leo huiuliza simu.

Tukiwa kidato cha nne, Bi. Nafula, mwalimu wetu wa Kiswahili, alitupa shairi la kizalendo tuchanganue mizani, vina na toni. Mtunzi alikuwa mwalimu mkuu mwenyewe, na alipanga kulighani siku ya wazazi mbele ya chifu. Vina vilikaa sawa, ni na a, toka juu hadi chini. Kisha nikafika ubeti wa tatu: "Kenya yetu ya amani, bendera yapepea." Nane, saba. Nikahesabu tena, safari hii kwa vidole vya miguu ndani ya viatu. Saba.

Mwezi huohuo mwalimu mkuu alikuwa amemfukuza mwanafunzi aliyecheka bendera ikipandishwa, na mtihani wa taifa ulikuwa mlangoni. Baba, aliyeendesha mashine kiwandani, alituonya kila jioni: "Ukiulizwa kitu cha wakubwa, sema ni kizuri, urudi nyumbani ulale."

"Hata wewe umepata saba?" Mutua, jirani yangu wa dawati, akaninong'oneza.

"Nyamaza, buda! Unataka tufukuzwe, twende home?"

Nikaandika, karatasi ikilowa jasho: mizani imetimia kote. Toni ni ya furaha.

Kesho yake mwalimu mkuu aliingia darasani. "Kuna aliyeona kosa?"

Mutua akainua mkono. Nilimtazama kama unavyomtazama mtu anayepelekwa kituo cha polisi.

"Ubeti wa tatu, mwalimu. Mizani kumi na tano, si kumi na sita."

Mzee akahesabu kwa vidole vyake, polepole. Akachukua chaki, akaandika: "bendera inapepea."

"Asante, kijana. Huu mstari umenisumbua wiki mbili, na walimu wote wameniambia uko sawa."

Bi. Nafula alitazama dirishani. Ndipo nikaelewa kwa nini alitupa sisi lile zoezi.

Siku hizi binti yangu huwakosoa wakubwa mtandaoni kabla hata hajanywa chai. Mimi humwambia kizazi chao hakijui kina wala mizani, naye hucheka. Kisha mimi, na shahada yangu, huenda kazini, bosi akasoma ripoti yake na kuuliza kama kuna kosa. Vidole vya miguu huhesabu ndani ya viatu. Nasema iko sawa.